Mjadala: Ngomeni tuimbe bila spika?

Mleta mada
Assalaam alaykum jamaa. Juzi nilikaa na kijana wangu tukiwatazama The King's Singers, wale wanaume sita walioanzia King's College, Cambridge, mwaka 1968. Waimbaji hubadilika, idadi haibadiliki. Huzunguka dunia nzima, na kwenye kumbi nzuri aghalabu huimba bila ala wala maiki. Aliye safu ya mwisho husikia hata pumzi ikivutwa.

Nikakumbuka shughuli ya mwisho niliyohudhuria ngomeni kwetu Lamu, ndani ya ile Ngome kongwe ya mjini. Spika nne, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, na msoma kasida mwenye sauti ya asali tukamsikia kama aliyetiwa kwenye debe. Rai yangu: usiku, ndani ya Ngome, vipaza sauti vipigwe marufuku. Mwasemaje?

Fundi mitambo, Langoni
Kaka, unalinganisha ardhi na mbingu. Kumbi hizo zimejengwa kwa ajili ya masikio. Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa 1900, ilipigiwa hesabu za mwangwi na mwanafizikia Wallace Sabine ingali kwenye karatasi. Sauti hugonga dari na ukuta, ikamrudia msikilizaji imenenepa. Ua wa Ngome hauna paa, sauti ikipanda ndiyo imekwenda zake. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka maradufu hupotea desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Aliyeketi mita 4 na aliyeketi mita 32 wamepishana desibeli 18, na hapo upepo wa kusi sijautaja. Ngome ilijengwa kwa ajili ya askari, baadaye ikawa jela. Nani aliwaza kwaya?

Hizo spika zako nne ni makosa ya aliyezipanga (si mimi, kabla hujauliza). Maiki moja mbele ya waimbaji, sauti chini, jenereta ipelekwe mbali. Basi.

Bi wa Mkomani
Wanaume mwajadili safu ya mbele tu. Sisi huketi wapi? Nyuma kabisa, au juu ghorofani. Mkizima spika tutawasikia mkikohoa. Na mamangu masikio yamechoka, lakini kasida anaipenda kuliko nyinyi nyote hapa.

Wala msituone hatujui kuimba bila umeme. Kwenye vugo, ngoma yetu wanawake ya harusini, twagonga pembe na kuimba ndiani, mtaa mzima hutoka milangoni. Ila vugo lakufuata mlangoni kwako. Ngomeni mtu amefungwa kitini, akiwa mbali ni mbali.

Wa karibu na Msikiti wa Riyadha
Bi amesema kweli, nami naongeza. Maulidini matari huoteshwa moto ngozi zikaze, msomaji akatoa ubeti, na safu nzima ikapokea. Sauti za watu mia hazihitaji dari. Wale sita wa Uingereza hawana waitikiaji, wanachotegemea ni ukumbi ulionyamaza kimya. Mleta mada, utawanyamazisha watu wa Lamu kwa saa moja na nusu? Na punda je, watakuwa na tiketi?

Binafsi naona marufuku ni neno kubwa mno. Hata hivyo nakiri kuna vijana siku hizi hawawezi kufungua kinywa mpaka washike maiki. Ikizimika stima, kasida imekwisha. Hilo lanikera kuliko spika zenyewe.

Mleta mada
Bi, la wanawake umenikata kauli, sikulifikiri. Marufuku nimeiondoa. Lakini hebu tuache Ngome, tuchukue nyumba moja ya mawe. Dari ya boriti, kuta za chokaa, zidaka (vile vishubaka vya ukutani) za kuivunjavunja sauti isirudi kama kofi. Watu 40. Wanawake wapewe chumba cha ndani, karibu na waimbaji, sisi tukae huku nje, safari hii sisi ndio tutege masikio. Ngomeni fundi alete maiki yake moja. Jenereta, hapana.

Bi wa Mkomani
Chumba cha ndani nimekubali. Kahawa mtapika nyinyi.

Fundi mitambo, Langoni
Watu 40 hawalipi hata nauli ya kikundi kutoka Mombasa, achilia mbali chakula na malazi. Ngomeni huingia mamia. Hiyo hesabu nani ataifanya?