Ushauri: nifundishe namna gani banafunzi ba uuguzi kuangalia na roho ya mugonjwa mu staji?

MamaStaji_Bkv: Bandugu jambo. Niko Bukavu, nasimamia banafunzi ba uuguzi mu staji ku ospitali moja hapa kwetu. Mu darasa bote banajua kama mutu ni mwili, akili, jamaa na roho, batakutajia mahitaji 14 ya mutu yenye Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani, aliandika, bila kukosa, na ile ya 11 inasema wazi mugonjwa aweze kuabudu kufwatana na imani yake. Lakini akifika mu sale ya bagonjwa anapima tansio, anaweka serumu, anaandika, anapita kitanda kingine, na simulaumu sana juu mu kitabu cha staji tunahesabia sindano na sonde, kusikiliza mutu hakuna pahali ya kuweka sinyatire.

Sasa kuko mama wa kansa ya shingo ya kizazi, anauliza kila mwenye anapita kama ni Mungu anamuazibu. Mwanafunzi moja alitoka mbio, eti hiyo kazi ya pasta. Mwingine akamuweka mukono ku kichwa, akaanza kukemea mapepo kwa sauti, sale nzima inaangalia, na kitanda cha pembeni kulikuwa mama Muislamu. Bote babili habakumuuliza yule mama hata swali moja! Hiyo njo inaniumiza. Nifanye namna gani basikimbie na basihubiri?

Muuguzi_Goma: Dada pole na kazi. Wape maswali ya kuanzia. Daktari Christina Puchalski wa Marekani alitunga FICA mwaka 1996, mambo manne: imani yako, uzito wake kwako, watu unaosali nao, na sisi tukusaidie namna gani. Ila usiwaache wayasome kwa Kifaransa kama polisi anaandika ripoti. Hapa tunauliza tu "mama, nini inakupa nguvu siku hizi?", "nani unapenda aje kukuona?" kisha mtu ananyamaza, anangoja. Hilo la nne ndilo linasahaulika sana, mgonjwa anasema anataka padri kwa sakramenti ya wagonjwa, inaandikwa vizuri, na hakuna anayepiga simu.

Papa_Lushois: Mi naona inaanza kwako weye mwenye kusimamia. Ingia naye ku kitanda, kamata kiti, ikala, ongea na ule mama, mwanafunzi anyamaze aangalie. Kisha mutoke, mutafute pahali pa kimya, umuulize alisikia nini mu moyo, haina alifanya nini. Mutoto mwenye alikimbia pengine aliogopa, na hajaona mutu mukubwa anabakia pale wakati mugonjwa analia.

Neema_K: Samahani, kuombea mugonjwa ni mubaya tangu lini? Sisi ni bakristo.

MamaStaji_Bkv: @Neema hapana dada, na mimi naomba. Mugonjwa akiomba mwenyewe tusali naye, sawa kabisa, kwa sauti ya chini. Lakini ule mama alikuwa anauliza kama anaazibiwa, halafu anasikia mapepo, si tumemujibu ndiyo?

Neema_K: Hapo nimesikia.

Abu_Bkv: Na sisi Waislamu musitusahau. Mgonjwa asiyeweza kugusa maji anatayamamu, yaani anajipangusa kwa udongo safi badala ya kutawadha, asiyeweza kusimama anasali amekaa au amelala, kwa hiyo mwanafunzi anaweza tu kuuliza na kugeuza kitanda upande wa Kibla, yaani Maka, kutoka Bukavu ni kaskazini kidogo kuelekea mashariki. Na mwanamke akipenda ahudumiwe na mwanamke, mumtafutie kama yuko. Haya hayahitaji muuguzi awe Muislamu.

Papa_Lushois: Tena muko na ospitali ya Panzi palepale kwenu. Tangu daktari Denis Mukwege aliianzisha 1999, mwanamke mwenye alibakwa haishie ku operasio tu, kuko wa kumusikiliza, wa mambo ya sheria, wa kumusaidia apate kazi ya mikono. Omba banafunzi baende baone namna bale batu banapashana habari ya mugonjwa moja.

MamaStaji_Bkv: Aksanti sana bandugu. Kesho naingia na hao babili ku kitanda cha ule mama, mimi njo nitaongea. Na nitaomba shule baongeze mustari mu kitabu cha staji: mugonjwa alisema nini, tulifanya nini juu yake. @Muuguzi_Goma nitumie yale maswali yote kwa Kiswahili, ya Mashi, luga ya bazee ba huku, nitayatafuta na bamama ba kazi, juu bazee ba Walungu na Kabare habafunguke mu Kiswahili.

Muuguzi_Goma: Nakutumia inbox leo jioni umeme ukirudi.