Naomba ushauri: baba amefariki kwa saratani ya ini, nami nina homa ya ini B

Habari zenu ndugu zangu. Baba yetu alifariki mwezi wa tatu kwa saratani ya ini, na pombe hakuwahi kuigusa. Baada ya arobaini tukapima familia nzima. Mimi na kaka tuna virusi vya homa ya ini B. Mdogo wetu aliyezaliwa 2005 yuko salama. Chanjo iliingia kwenye ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2002, sisi wakubwa ikatupita.

Daktari anasema mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa virusi kubaki mwilini ni takribani 90%, wakati watu wazima wengi hupona wenyewe. Saratani inaweza kutokea hata kabla ini halijasinyaa, na hilo ndilo limeninyima usingizi. Dawa bado hajanianzishia, ila nipige altrasaundi kila miezi 6. Mnaoishi na hali hii, mnamudu vipi gharama?

Kubwa zaidi, mke wangu ana mimba ya miezi 5, hajapima bado. Nimeambiwa mtoto achanjwe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, lakini zahanati ya hapa kijijini haina dozi hiyo. Mliofanikiwa kuipata, mlianzia wapi?