Nimempa jirani wai-fai bure, leo ananiambia "MNATUANGUSHA"

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, msinisahihishe herufi.

Yule jamaa wa ofisi inayopakana na yetu mnamjua. Alihamia hajavutiwa intaneti, akaomba nywila "siku mbili tu, kaka". Siku mbili zenyewe sasa zina wajukuu.

Leo niko kwenye kikao cha video na mteja, picha ikaganda nikiwa mdomo wazi kama pochi iliyokatika zipu. Mara mlango huo, hodi hakuna. Ni yeye, simu mkononi, sura ya mdai: "Kaka, mtandao wenu leo vipi? Mnatuangusha."

Mnatuangusha! Mimi! Ninayelipia!

Nikaingia kwenye ruta. Ofisini tuko wanne, vifaa vilivyounganishwa 19. Kimoja kinaitwa "TV MAPOKEZI". Mapokezi yetu ni kiti na ua la plastiki! Kumbe kafunga na kile kidude cha kurudia mawimbi, cha redio moja, kinapokea na kutuma kwenye chaneli ileile. Yaani kila anachovuta kinapita hewani mara mbili, kasi inabaki nusu, halafu MNATUANGUSHA.

TV ningevumilia. Ila anatoka, kashika kitasa, anageuka: "Jaribuni kuizima na kuiwasha."

Kebo Mbovu: Pole mkuu. Picha ya mdomo wazi iko wapi?

Chaneli Sita: Punguza jazba. Badili nywila, zima WPS (ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika nywila), mfungulie mtandao wa wageni wenye kikomo cha kasi. Nyie hamieni masafa ya gigahezi 5, yeye muache kwenye 2.4 agombane na kila ruta ya jengo. Na huko 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, nyingine zinaingiliana.

Mleta uzi: Nikibadili atakuja kuiomba. Na mimi nilivyo, nitampa. Ndicho kinachoniuma. Mnatuangusha!!

Kebo Mbovu: Kumbe tatizo si ruta.

Pita Njia: Uzi mrefu, picha hamna. Mnatuangusha.

Mama Printa: Afadhali wewe. Wa kwetu tuliwapa wai-fai wakaiona na printa. Jana imetema kurasa 60 za kadi za harusi, wino wetu, na kadi hatukupewa.

Chaneli Sita: Hiyo printa ungeiweka mtandao wa ndani, wageni wasiione.

Jasho Jembamba: Nyie mnalia na mtandao? Kiyoyozi cha jirani yangu kinadondoshea maji kwenye meza yangu. Nimeweka ndoo. Juzi kaja kuiazima ndoo.

Kebo Mbovu: 😂😂 Ukampa?

Jasho Jembamba: Nikampa.

Mleta uzi: Jamani mada ni wai-fai, mnani...

Pita Njia: Mama Printa, harusi yenyewe lini?

Mama Printa: Jumamosi, saa kumi. Sare zambarau.