Mnampa mgeni desktopu mpya bila kuiandaa, akikwama mnamwita mzito

Wakuu, hili limetufika kooni. Mtu hajawahi kushika kompyuta maishani. Anawekewa GNOME, desktopu ya Linux (yaani mazingira ya madirisha na menyu anayoyaona kwenye skrini), kama ilivyotoka kwa watengenezaji, anapitishwa kwenye zile kurasa za kumkaribisha, basi, kahitimu. Na zile kurasa zinamfundisha nini? Kutelezesha vidole vitatu kwenye padi ya kugusa, wakati mezani kuna kipanya cha waya!

Chukueni Alt+Tab. Mwanafunzi kafungua barua mbili ndani ya LibreOffice Writer, programu ya kuandikia. Akibonyeza Alt+Tab anaona alama moja tu ya Writer. Kwake yeye barua ya pili imepotea, na anaanza kuiandika upya. Kumbe kwa GNOME vitufe hivyo hubadilisha programu, si madirisha. Madirisha ya programu moja hubadilishwa kwa Alt na kitufe kilicho juu ya Tab. Nani angeotea hilo? Dawa yake ni nyepesi: ingia Mipangilio, Kibodi, kwenye njia za mkato tafuta ile ya kubadilisha madirisha, ipe Alt+Tab. Itauliza kama uinyang'anye kazi ya zamani, kubali.

Juu ya dirisha nako kuna X peke yake. Mgeni anataka tu kuona kilicho nyuma, anabonyeza hiyo X kwa kuwa hana kingine cha kubonyeza, kivinjari kinafunga kurasa zote. Halafu mnamlaumu! Fungueni terminali (dirisha la kuandikia amri), endesheni hii:

gsettings set org.gnome.desktop.wm.preferences button-layout ':minimize,maximize,close'

Iendesheni ndani ya akaunti ya mwanafunzi, bila sudo (neno la kuendesha amri kama msimamizi wa mfumo). Ukiiendesha kwenye akaunti yako, umejitengenezea wewe.

Kubofya mara mbili ndiko kunakowatesa kuliko yote, na hapa hakuna desktopu iliyo salama. Akibofya, mkono unasogea kidogo kabla hajaachia kitufe, mfumo unadhani anaburuta, folda inahamia ndani ya folda nyingine. Ongeza muda unaoruhusiwa kati ya mabofyo mawili (kwa GNOME uko kwenye mipangilio ya ufikivu, Accessibility), au mfundishe abofye mara moja kisha abonyeze Enter. Ctrl+Z afundishwe siku hiyohiyo, maana faili zitahama tu.

Mnaocheka kwa sababu mnatumia KDE, desktopu nyingine ya Linux, tulieni. Toleo lake la Plasma 6 lilipotoka Februari 2024 lilibadilisha kufungua faili kutoka bofyo moja kuwa mawili, na bado kuna watu wanagawa karatasi za mafunzo za zamani.

Flashi: dirisha la kunakili likifungika haina maana kazi imekwisha. Data nyingine bado iko kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikisubiri kuandikwa. Akichomoa hapo, faili inaonekana ipo lakini haifunguki. Aoneshwe ile alama ya kutoa iliyo pembeni ya jina la flashi, aibofye, asubiri flashi itoweke kwenye orodha ndipo achomoe. Na abofye yeye mwenyewe. Mwalimu anayempokonya mwanafunzi kipanya kila akichelewa anajifundisha mwenyewe.

Mwenye maandalizi yake ya siku ya kwanza ayaweke hapa, amri kwa amri. Wale wa "asome mwongozo" piteni tu: mwongozo wenyewe uko ndani ya desktopu ambayo hajui kuifungua.