Naomba ushauri: kulinganisha jenomu za kakakuona kwa laptop ya RAM GB 8

Wakuu, habari za jioni. Niko Nyegezi, Mwanza, nasoma shahada ya pili ya biolojia. Nataka kulinganisha jenomu (yaani DNA yote) ya kakakuona wetu, Smutsia temminckii, na za ndugu zake wa Asia. Spishi zote 8 ziko hatarini, magamba yanasakwa mno, na mnyama huyu nampenda tangu bibi aliponisimulia jinsi wazee walivyomwekea maji na nafaka atabiri mwaka.

Jenomu za kakakuona wa China na wa Malaya zilichapishwa 2016. Jeni za enameli, lile tabaka gumu la juu ya jino, zimeharibika (hana jino hata moja!), na ile ya interferoni epsiloni, mlinzi wa ngozi dhidi ya vijidudu, nayo imekufa. Natamani kujua kama kwa huyu wetu imevunjika mahali palepale.

Shida ni mashine. Juzi niliiacha ikipakua na kulinganisha usiku kucha, feni inavuma kama mashine ya kusaga. Asubuhi nikakuta imeganda, bando limekwisha. Msimamizi anataka jenomu nzima, herufi za DNA zaidi ya bilioni 2. Je, nimwombe nianze na jeni chache hizo? Au kuna mahali naweza kupata seva (kompyuta kubwa ya mbali) ya kuazima? Aliyepitia haya anisaidie, tafadhali.