Sonona inayorudi: kitabu cha mazoezi na simu ya nesi vinatosha kweli?

mdogo_mtu: Habarini wakuu. Dada yangu ameugua sonona (depression) mara tatu, hii ya mwisho ilikuwa mbaya hadi kazi akaacha. Sasa hivi namshukuru Mungu yuko vizuri, anakula, anacheka, ila daktari wa kituo cha afya kampa kitabu cha mazoezi ya kuandika ajaze nyumbani na nesi awe anampigia kila wiki, basi, hakuna cha kumpeleka kwa mtaalamu wa saikolojia wala nini. Mimi naona kama wamemtupa. Mtu keshapona mazoezi ya nini? Na dawa je, maana anataka kuacha hata leo.

Mama_Subira: Pole, na hongera kwa dada kusimama tena. Hawajamtupa aisee. Mimi nilipewa mpango kama huo, na kitabu peke yake kingeishia kabatini, kilichonifanya nikijaze ni kujua kuna mtu ataniuliza. Simu yenyewe fupi, anauliza umefika wapi, umekwama wapi, wiki hii umelalaje. Ukurasa ulionisaidia kuliko yote ni wa dalili za mwanzo, unaandika ZAKO. Zangu ni kuamka saa tisa usiku usingizi usirudi, na kuacha kujibu meseji za watu ninaowapenda kabisa. Pembeni unaandika utafanya nini na utamwambia nani. Nakala anayo mume wangu, maana ikianza mimi huwa najiona niko sawa tu, yeye ndo anashtuka kwanza.

tabibu_wa_kawaida: Nipo huduma ya msingi, niongezee. Kitabu anapewa sasa kwa sababu sonona ikishashika hata kusoma ukurasa mmoja ni shida, sasa hivi ndo ana nguvu ya kujifunza. Na huu ugonjwa unarudi jamani, karibu nusu ya walioupata mara moja huupata tena na kila ukirudi uwezekano unazidi kupanda, kwa hiyo mtu wa mara tatu hatumwachi eti kwa kuwa anacheka. Dawa ASIACHE ghafla. Kuna utafiti wa Uingereza wa 2021, wagonjwa 478 wa kliniki za kawaida, wote walikuwa wanajisikia vizuri kiasi cha kufikiria kuacha dawa. Ndani ya mwaka mmoja waliopunguziwa mpaka wakaacha walirudiwa 56%, walioendelea 39%. Yaani hata anayemeza kila siku anaweza kurudiwa, ndo maana tunaongeza mazoezi ya kitabu. Kuacha kunawezekana, ila polepole na daktari wake akijua.

mdogo_mtu: Nimeelewa, asanteni sana. Sasa mimi nikimuulizauliza anakasirika, anasema namchunga kama mtoto.

Mama_Subira: Usimuulize kama amejaza, hiyo mwachie nesi. Mwombe akuchagulie mwenyewe dalili ambayo ukiiona una ruhusa ya kumwambia, na umwambie kwa maneno gani. Mume wangu huniuliza tu "tutembee kidogo?", naelewa.

tabibu_wa_kawaida: Hapo umesema kweli. Na simu zikikatika msikae kimya, nendeni kituoni mkaulize. Akianza maneno ya kuchoka kuishi, kitabu kaeni nacho pembeni, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na asiachwe peke yake hata dakika.