MRI ya matiti: mliopitia, tupeane uzoefu

MamaTasha_Umoja: Jamani, mamogramu, ile eksirei ya matiti, imeonyesha kitu, sasa daktari anataka MRI. Nimeambiwa tu nitalala kifudifudi, basi, akaitwa mwingine. Niambieni yote, msinifiche.

Fatma_Eastleigh: Hubanwi kama kwenye mamogramu, dadangu. Kitanda kina matundu mawili, matiti yananing'inia humo. Mimi kilichonitesa ni mfupa wa kifua, maana ndio unaolalia, na hata kujikuna huruhusiwi. Nusu saa hivi, pengine na zaidi. Pini za mtandio toa zote.

Kerubo_K: Mfupa wa kifua! Kweli tupu.

BabaKevo: Mke wangu nilimkataza. Hiyo mionzi ndiyo inaleta kansa yenyewe.

NesiMstaafu: Mionzi ipi? MRI ni sumaku na mawimbi ya redio, si eksirei. Na mkeo ulimuuliza?

BabaKevo: Na dawa wanayodunga katikati ya kipimo? Maji ya baraka?

NesiMstaafu: Gadoliniamu. Mwenye shida ya figo hupimwa damu kwanza. Mwenye mimba aseme, mwenye betri ya moyo aseme. Swali langu hujalijibu.

Achieng_Kayole: Hebu nyamazeni niwape yangu. Ilikuwa jioni, huko Upper Hill. Nimeshaingizwa, mikono mbele ya kichwa, kanula ya kupitishia dawa mkononi, masikio yamezibwa, na bado mashine inagonga kama mafundi wa mabati wa Kamukunji. Dawa ikaingia, nikasikia baridi ikipanda mkono. Mara kimya. Stima imepotea! Giza, uso umezama kwenye kile kishimo, spika haisemi neno. Nikaminya kimpira cha dharura, nikaminya tena, nikaanza kusali Kijaluo. Kijana wa mashine akaja akipapasa ukuta, hana tochi wala simu, kwa sababu sumaku ile haizimiki hata stima ikienda, chuma chochote inakivuta. Akavuta kitanda kwa mkono. Nikatoka mbio hadi koridoni, na gauni lenyewe linafungukia mbele! Watu wa jenereta waliniona nilivyoumbwa. Siku nyingine tukaanza upya, dawa na kila kitu.

Kerubo_K: Woiye! Ulilipa mara mbili?

Achieng_Kayole: Nimlipe nani? Nilikaa pale kaunta mpaka meneja akashuka mwenyewe.

Shiro_Rongai: Hiyo hadithi ina chumvi.

Achieng_Kayole: Njoo nikuonyeshe risiti, Shiro. Moja tu.

MamaTasha_Umoja: Achieng, nimekwisha. Siendi.

Fatma_Eastleigh: Utaenda. Fumba macho kabla hujaingia, usifumbue mpaka utolewe.

Shiro_Rongai: Mimi kufumba ndiko kulinizidishia hofu. Niliacha wazi nikaimba tenzi kimoyomoyo. Na usinywe chai, utabanwa na mkojo.

Kerubo_K: Mimi nilikunywa chai na mandazi mawili, nikasinzia humo ndani.

NesiMstaafu: MamaTasha, kama bado unapata hedhi, uliza wakupange kati ya siku ya 7 na ya 14 tangu ianze, picha hutoka safi zaidi. Ila kama daktari amesema haraka, nenda haraka. Mambo ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, uliza kabla ya kwenda. Wigi lenye klipu liache nyumbani.

BabaKevo: Nesi, kipimo cha figo ni pesa ngapi?

NesiMstaafu: Kwanza muulize mkeo kama bado anataka umsindikize.